Kwenda Guangzhou masaa 7, kurudi masaa 8 na dakika 40. Kwani kilomita si ni zile zile?

#1 Mbanguaji
Habari za humu wakuu. Nipo Mtwara mjini. Januari mimi na shemeji yangu tulienda China kufuata vipuri vya pikipiki, tukapitia Dubai. Sasa tangu turudi hatuelewani. Tuliondoka Dubai saa 4 asubuhi tukashuka Guangzhou saa 3 usiku. Kurudi tukaondoka Guangzhou saa 6 na robo usiku tukashuka Dubai saa 11 kasoro dakika 5 alfajiri. Shemeji anasema kwenda ni masaa 11 na kurudi hayafiki 5, na anaapa kabisa. Mimi nina saa ya mkono ya mshale, sikuigusa safari nzima, ilibaki inasoma saa za Mtwara. Kwa saa yangu kwenda ni masaa 7 kamili, kurudi ni masaa 8 na dakika 40. Tumewekeana kilo 2 za korosho zilizobanguliwa, daraja la kwanza, siyo vipande.

Swali ni mawili. Nani analipa? Na kama mimi ndiye niko sawa, hiyo saa 1 na dakika 40 ya kurudi imetoka wapi wakati njia ni ile ile?

#2 Kijana wa Chuno
Wa kwanza. Nakaa na kopo la karanga hapa nasubiri wajuzi.

#3 Sista Ligula
Shemeji amepigwa na majira tu. Dubai wako mbele yetu saa 1, China wako mbele yetu masaa 5. Kati ya Dubai na China kuna masaa 4. Ukienda unayapoteza, ukirudi unarudishiwa. 11 toa 4 ni 7. 4 na dakika 40 jumlisha 4 ni 8 na dakika 40. Saa yako ya mshale iko sahihi. Korosho alete.

#4 Msimbati Asili
@Sista Ligula umemaliza swali la kwanza, ila la pili ndilo tamu. Hayo majira ni ya kwenye karatasi tu, hayaongezi mafuta wala hayapunguzi. Kule Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma wako nyuma yetu saa 1. Ukivuka Kilambo saa 4 asubuhi unajikuta uko saa 3, lakini hujarudi kuwa kijana.

#5 Fundi Redio
Jibu ni rahisi, dunia inazunguka. Inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa pale ikweta. Ndege ikiwa juu dunia inazunguka chini yake, kwa hiyo upande mmoja unafika mapema na upande mwingine unachelewa. Tulifundishwa darasa la sita hii.

#6 Kijana wa Chuno
@Fundi Redio sasa si ingekuwa kinyume? Dunia inazunguka kwenda mashariki. Maana yake China inakimbia na ndege inaifukuza, na ikirudi Dubai inakuja kuipokea ndege. Kwa hesabu yako kwenda ndiyo kungekuwa kurefu. Mbanguaji kasema kwenda ndiyo kufupi.

#7 Fundi Redio
Mdogo wangu usinikurupushe, nitarudi na maelezo.

#8 Mtoto wa Tunduru
Hahahaa. Fundi, kama ni hivyo kwa nini tunateseka na barabara? Mtu angekodi helikopta pale Shangani, apande juu asimame hewani dakika 11 tu, akishuka yuko Tunduru. Tungekuwa tunatuma mizigo kwa kurusha juu.

#9 Ticha Mstaafu
Fundi, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, haiachwi nyuma. Ukiwa kwenye basi linakimbia 80 ukarusha korosho juu, inarudi mkononi mwako, haiendi kumpiga abiria wa siti ya nyuma. Ndege ni hiyo korosho. Ilikuwa inazunguka na dunia tangu ikiwa imeegeshwa, ikiruka haiachi huo mwendo uwanjani.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Juu kule, kuanzia kilomita 9 hadi 12 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali sana unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wazungu wanaita jetistrimu. Ni kama mto wa hewa, mwembamba lakini mrefu kuzunguka dunia. Kwenda China unasukumwa mgongoni, kurudi unaupokea usoni. Ndiyo maana hata London na New York ni hivyo hivyo, kuelekea New York ni kama masaa 8, kurudi London ni kama 7. Februari 2020 kuna ndege ya abiria iliwahi kutoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56, na haikuwa Concorde ile ya kupita kasi ya sauti, ni Boeing 747 ya kawaida tu, siku hiyo kulikuwa na dhoruba na upepo ulikuwa mkali kupita kiasi.

#10 Mbanguaji
Ticha shikamoo. Sasa hapo umenikumbusha, kwenye kile kioo cha mbele ya siti kinachoonyesha ramani, wakati wa kwenda niliona kasi imefika 1,030. Kurudi ilikuwa inacheza 770, 780. Nikadhani rubani wa kurudi ni mzee.

#11 Ticha Mstaafu
Marahaba. Na hapo ndipo jibu lilipo. Injini zilifanya kazi ile ile.

#12 Bodaboda Daktari
1,030? Hii chai wakuu. Kasi ya sauti kule juu kwenye baridi ni kama 1,060 hivi, kwa hiyo mnataka kutuambia ndege ya abiria ilikaribia kuvunja sauti na watu wanakula wali kuku? Weka picha.

#13 Sista Ligula
Siyo chai. Kasi ya sauti inapimwa na hewa inayoizunguka ndege, siyo na ardhi. Ndege inakata hewa kwa 880 au 900, na hiyo hewa yenyewe inakimbia 130. Ukiwa chini unaona 1,030. Ndege haijui kama inakimbia hivyo. Ni kama kutembea ndani ya meli kutoka nyuma kwenda mbele.

#14 Mbanguaji
Picha ninayo ila imetoka giza, shemeji alikuwa ameweka mkono na sambusa mbele ya kioo.

#15 Nahodha wa Mikindani
Assalaam aleikum. Nimesoma nikacheka. Haya mnayoyaita mapya wazee wetu wameyajua kabla ya hizo ndege. Nimeendesha jahazi miaka, Mikindani kwenda Unguja, Unguja kurudi Lindi. Kusi likivuma kuanzia Aprili, ukiweka tanga linajaa lenyewe, unaenda kaskazini kama umetumwa. Njoo safari ile ile wakati wa kaskazi, Desemba au Januari, unataka kwenda Unguja na upepo unakuja usoni. Huwezi kwenda moja kwa moja. Unabisha. Unakwenda huku kidogo, unageuza foromali, unakwenda kule kidogo, siku nzima na mnara wa Lindi bado unauona nyuma. Maili kwenye ramani hazijabadilika hata moja. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanashuka na kaskazi na kupanda na kusi, mtu hajaribu kinyume labda awe na haraka ya kufa.

Kwa hiyo huyo rubani wa kurudi alikuwa anabisha, kama nyie mnavyobisha humu.

#16 Kijana wa Chuno
Nahodha 🤣🤣 uzi ufungwe.

#17 Bodaboda Daktari
Mzee, ila ndege haibishi, inaenda moja kwa moja na injini. Jahazi halina injini.

#18 Nahodha wa Mikindani
Najua kijana wangu. Hata boti ya mashine ikikutana na kaskazi la Januari inakula mafuta mara mbili na unafika umechoka. Upepo ni upepo.

#19 Mdau wa Mtama
Mimi sikubaliani sana na habari ya upepo peke yake. Nilienda Guangzhou Julai mwaka juzi, njia hiyo hiyo ya Dubai, na tofauti ya kwenda na kurudi ilikuwa ndogo, haikufika hata saa nzima. Kama upepo upo siku zote mbona mimi sikuukuta?

#20 Ticha Mstaafu
Kwa sababu hauko mahali pamoja mwaka mzima. Kipindi cha baridi cha kaskazini, Desemba hadi Februari, huo mkondo unashuka kusini na unakuwa mkali, unapita usawa wa kaskazini mwa India na kusini mwa China, yaani juu ya njia yenu kabisa. Julai unapanda kaskazini, unalegea. Zaidi ya hapo Julai juu ya India ya kusini kunakuwa na upepo mwingine wa juu unaotoka mashariki. Kaskazi na kusi, kama alivyosema Nahodha, ila ghorofani.

#21 Mtu wa Kiwanjani
Nimewahi kufanya kazi ya kubeba mizigo kiwanjani, sitasema wapi. Mnasahau kitu. Muda mnaouhesabu nyie ni kuanzia ndege inapoanza kusogea getini mpaka inaposimama. Hapo ndani kuna foleni ya kuruka, kuna kuzungushwa angani kusubiri nafasi ya kutua, kuna kutembea chini dakika 20 kwenye viwanja vikubwa. Dubai ni kiwanja chenye msongamano hasa. Unaweza kuzungushwa juu ya jangwa ukadhani unafika. Na kwenye ratiba huwa wanaongeza dakika za akiba ili ndege ikichelewa kidogo ionekane imewahi. Siyo kila dakika ni ya upepo.

#22 Mbanguaji
Hii ya kuzungushwa ilitokea kweli. Kurudi tuliona taa za mji upande wa kushoto, baadaye upande wa kulia, baadaye kushoto tena. Shemeji akaniambia huyu amepotea.

#23 Mtoto wa Tunduru
@Mtu wa Kiwanjani sasa kwenye ile dakika 100, ngapi ni upepo na ngapi ni foleni?

#24 Mtu wa Kiwanjani
Hapo kila siku ina hesabu yake. Mimi nimeleta changu.

#25 Dada wa Newala
Na mimi naleta nyingine. Njia ya kwenda na ya kurudi siyo lazima iwe moja. Wanaopanga safari wanaangalia upepo wa siku hiyo, ukiwa mzuri wanaufuata hata kwa kuzunguka, ukiwa mbaya wanaukwepa. Halafu kuna ile milima ya Himalaya na uwanda wa Tibet, ndege nyingi hazipendi kukatiza pale kwa sababu ikitokea dharura huwezi kushuka chini haraka, chini ni mlima. Kwa hiyo kilomita "zile zile" za Mbanguaji nazo siyo zile zile.

#26 Bodaboda Daktari
Himalaya iko kaskazini huko, Dubai na Guangzhou ziko karibu mstari mmoja kwenye ramani. Unakata tu moja kwa moja baharini na India. Himalaya inaingiaje?

#27 Ticha Mstaafu
Chukua nazi nzima na kipande cha uzi (siyo uzi huu). Weka alama mbili kwenye nazi, usawa mmoja, kisha vuta uzi ukaze. Utaona haupiti sambamba, unajikunja kuelekea kichwani. Dunia ni hiyo nazi. Dubai na Guangzhou ziko nyuzi 23 hadi 25 kaskazini, lakini njia fupi kabisa kati yao, kama kilomita 5,800, katikati inapanda hadi nyuzi 27, kusini mwa Nepal. Ramani ya ukutani inatudanganya kwa sababu wamelichana ganda la nazi wakalipiga pasi. Dubai kwenda Los Angeles ndiyo kichekesho, kwenye ramani ungesema inakatiza Atlantiki, kumbe inapanda kaskazini kuelekea ncha ya dunia.

#28 Kijana wa Chuno
Nimejaribu na nazi. Mama kauliza nazi ya mchuzi iko wapi. Asanteni.

#29 Mkwe Mtiifu
Wakuu mimi ndiye shemeji mwenyewe. Nimeletewa linki na mke wangu na nimesoma yote. Kwanza sambusa haikuwa yangu. Pili, mimi sikusema saa zilisimama, nimesema tuliondoka saa 6 na robo tukafika saa 11 kasoro, hiyo ni kweli hadi kesho. Simu yangu inabadilisha saa yenyewe ikipata mtandao. Mtu wa kawaida anahesabu alivyoona.

#30 Sista Ligula
Kwa hesabu hiyo kuna safari nyingine utafika kabla hujaondoka shem. Watu wanaovuka ule mstari wa tarehe kwenye Pasifiki, wanaondoka Tokyo jioni wanafika Marekani asubuhi ya siku ile ile.

#31 Mkwe Mtiifu
Basi hao ndio waliopata faida.

#32 Msimbati Asili
Tukiwa kwenye saa, msicheke. Bi mkubwa wangu alikatiwa tiketi Mtwara kwenda Dar, imeandikwa 06:15. Mjukuu alikuwa hayupo, akasoma mwenyewe, saa sita na robo, vizuri, kajipikia, kafunga kuku wake kwenye boksi, kachukua bajaji saa 5 asubuhi. Ndege ilikuwa imeondoka saa 12 na robo alfajiri. Akawaambia pale kaunta kwa upole kabisa, "Wanangu, mimi nimewahi, nyie ndio mmewahi zaidi." Kesho yake akapanda basi, kuku akiwa hai.

#33 Dada wa Newala
Jamani bibi 😂 Huo ndio mfano wa kwanza wa tofauti ya masaa 6 usiohitaji upepo.

#34 Mdau wa Mtama
Hiyo Mtwara Dar yenyewe inanichanganya. Kuna siku nafika kwa dakika 50, kuna siku saa 1 na dakika 10. Kaskazini kusini hiyo, huo upepo wa magharibi unahusika nini?

#35 Mtu wa Kiwanjani
Ndege gani? Pangaboi au jeti? Kwa mstari ni kama kilomita 400 tu, barabarani ni 560 hivi. Pangaboi inakwenda kama 600 na kitu kwa saa, jeti 800 na kitu, lakini kwenye safari fupi hiyo jeti haipati muda wa kufaidi mwendo, ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Tofauti yako nyingi iko Dar, unatua ukitokea upande gani na kuna wangapi mbele yako.

#36 Nahodha wa Mikindani
Dakika 50. Masika ya 1998 tulikaa Ndundu siku tatu tunasubiri kivuko cha Rufiji, maji yamejaa, magari foleni kijiji kizima, watu wakaanza kuuziana uji. Daraja la Mkapa likaja 2003. Mei 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vikakata barabara pale Somanga, tukarudi kule kule, waliokuwa Dar wakabaki Dar. Barabara ni ile ile, safari yaweza kuwa masaa 9, yaweza kuwa wiki.

#37 Kijana wa Chuno
Basi nami naomba msaada hapo hapo. Nataka kwenda Mwanza kwenye harusi. Kwa ndege ya kupitia Dar nitazunguka kilomita ngapi za bure?

#38 Ticha Mstaafu
Chache mno. Mtwara Mwanza kwa mstari ni kama 1,190. Mtwara Dar 400, Dar Mwanza 850, jumla 1,250. Umezunguka 60 tu, ni kama kutoka hapa hadi ukaribie Lindi. Kinachokula siku yako ni kukaa Dar kusubiri ndege ya pili. Mbanguaji ndiye aliyezunguka kwelikweli. Dar Guangzhou moja kwa moja ni kama 8,700, kupitia Dubai ni 9,800. Kaongeza 1,100, karibu safari yako nzima ya Mwanza.

#39 Mbanguaji
Tiketi ya Dubai ilikuwa rahisi Ticha. Kilomita alizilipa shemeji kwa miguu kuvimba.

#40 Fundi Redio
Nimerudi. Nimeuliza kwa mtu anayejua. Huo upepo wa juu unaosema Ticha unaelekea mashariki kwa sababu gani? Kwa sababu dunia inazunguka! Hewa ya moto ikitoka ikweta kwenda kaskazini inabaki na mwendo wake wa ikweta, inafika kule ardhi ya chini inakwenda polepole zaidi, basi hewa inaitangulia kuelekea mashariki. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

#41 Ticha Mstaafu
Hapo umesema kweli, nakupa nusu. Ila ulichosema mwanzo ni kwamba dunia inazunguka chini ya ndege, hicho siyo hiki.

#42 Fundi Redio
Nusu ni nusu, naichukua.

#43 Dada wa Newala
Kitu kilichonifurahisha kuhusu huo upepo, mmoja wa waliougundua mapema ni Mjapani Ooishi, miaka ya 1920, alikuwa anarusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Ripoti yake akaiandika kwa Kiesperanto, ile lugha ya kubuni, ili dunia nzima isome. Dunia nzima haikusoma.

#44 Bodaboda Daktari
Angeandika Kiswahili Nahodha angemjibu siku hiyo hiyo.

#45 Kaka wa Ulaya
Nachungulia tu nikiwa huku baridini, kwetu ni Nachingwea. Ongezeni siasa kwenye orodha yenu. Tangu vita ya Sudan ianze Aprili 2023 anga lake likafungwa, ndege za kuja Afrika Mashariki zikaanza kuzunguka pembeni. Na Helsinki kwenda Tokyo zamani ilikuwa masaa 9 na kitu, Urusi ilipofunga anga lake kwa ndege za Ulaya 2022 ikawa kama 13. Hakuna upepo wa kuongeza masaa 4.

#46 Mtoto wa Tunduru
Kwa hiyo tuna upepo, foleni, njia tofauti, nazi, vita na Fundi nusu. Mbanguaji chagua.

#47 Mbanguaji
Mimi nilitaka korosho tu jamani.

#48 Mkwe Mtiifu
Korosho ninazo, nimeshabangua. Lakini nimesoma vizuri #21. Mbanguaji alisema saa yake ni 8 na dakika 40 za kuruka. Mtu wa Kiwanjani anasema humo kuna kuzungushwa na kutembea chini. Kwa hiyo naye hakupata hesabu ya kuruka. Natoa kilo 1.

#49 Sista Ligula
Shem acha ujanja, dau lilikuwa mlango kwa mlango.

#50 Mkwe Mtiifu
Liliandikwa wapi?

#51 Nahodha wa Mikindani
Hizo kilo 2 nileteeni mimi Mikindani nizishike mpaka mmalizane. Kaskazi likianza nitakuwa nimezimaliza.